Ua la Olwen

Katika kijiji cha Ledwick, ua adimu haliachwi mikononi mwa mtu mmoja. Unampa jirani kitunguu chake kimoja, yaani lile tunguu la udongoni linaloliotesha, ili panya au barafu ikikuangamizia lako, uende ukaombe kwake. Naye anayeombwa hakatai. Kwa desturi hiyo Gwenda Prosser, mfamasia mstaafu, alimpa Lionel Tansley, mwenyekiti wa chama chetu cha bustani, kitunguu cha ua dogo jeupe lenye koo la zambarau, la ukoo wa zafarani, ambalo huchanua Oktoba likiwa tupu, bila jani hata moja. Dada yake Gwenda, Olwen, alikuwa amelipanda kwa mbegu, akafariki kabla halijachanua. Gwenda akaliita Olwen.

Msimu uliofuata Tansley alilileta kwenye maonyesho, akatangaza kwamba amelizalisha yeye, na kwamba linaitwa Cordelia, jina la mkewe.

"Hilo ni la dada yangu," Gwenda alisema mbele ya watu wote.

"Gwenda mpenzi, maua meupe yanafanana kama kondoo. Au marehemu alilitia sahihi?"

Ukumbi ukacheka. Nilikuwepo, na waliocheka sijawasamehe hadi leo. Kumwibia aliye hai ni wizi. Kumwibia marehemu, ambaye hawezi kunyanyuka kitini akajibu, ni uoga uliovaa tai.

Gwenda alirudi nyumbani, akampelekea mfinyanzi kazi ya vyungu.

Tansley, kwa kutaka sifa, alivihamishia vitunguu vyake vyote, vilivyokwisha kuzaliana, kwenye nyasi za mbele ya nyumba, mpita njia avione. Lakini majani ya ua hili hutoka majira ya machipuko, ua lenyewe likiwa limekwisha kusahauliwa, nayo ni membamba kama nyasi. Ndiyo yanayokilisha kitunguu. Mwezi Aprili tulikuwa tukinywa chai kwa Gwenda, tukamwona Tansley ng'ambo ya ua wa miti akisukuma mashine ya kukata nyasi, akipiga mluzi.

Nikainuka. "Anayafyeka majani!"

"Keti, Harriet. Macho ninayo." Akanisogezea sahani. "Onja keki, ina tangawizi."

Tansley akafyeka wiki ile, na iliyofuata, na kila yalipojaribu kuchomoza tena. Gwenda hakukosa kutazama hata mara moja.

Oktoba ikafika, na wageni wa vyama vya wilaya nzima walikuwa wamealikwa kuja kumwona Cordelia. Nyasi za Tansley zilikuwa kijani tupu. Asubuhi ya maonyesho akabisha mlangoni kwa Gwenda, kofia mkononi.

"Gwenda, mpenzi, unaijua ile desturi yetu..."

"Naijua, Bwana Mwenyekiti. Karibu ndani."

Vyungu vilikuwa vimepangwa dirishani, maua yamefunguka, na kila chungu kilikuwa kimechomwa tanuruni kikiwa na maandishi mapana kama kidole gumba: OLWEN PROSSER.

"Huna chungu kingine?"

"Ninavyo vingi. Vyote vimeandikwa hivyo hivyo."

"Basi nitalihamisha."

"Hamisha. Mizizi ikiguswa sasa, litalala chali kabla ya saa sita. Wageni wako watakuta maiti."

"Huu ni ukatili!"

"Ukatili gani, nawe umeomba ukapewa? Angalia ngazi, inateleza."

Ukumbini, Tansley alikiweka chungu mezani kimefungwa leso. Jaji, mwanamke mrefu kutoka Ludlow, aliivuta leso ile atazame shina, akasoma kwa sauti: "Olwen Prosser. Ndiye nani huyu?"

Mkewe Tansley akamsukuma mumewe, uso umemwiva kwa fedheha.

"Waambie, Lionel."

Akawaambia ni nani aliyelipanda ua lile, huku akiyatazama mapindo ya kitambaa cha meza, kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa akiwa na sukari mdomoni.

"Nyuma huku hatusikii," Gwenda alisema. "Rudia."

Akarudia.

"Na jina kamili la dada yangu, tafadhali."