Baiskeli Niliyoitoa kwa Kicheko Siku ya Maziko ya Mama

(Haya ametuletea msomaji wetu wa Mtoni. Jina lake tunalo na halitatoka hapa. Msomeni kwa huruma.)

Ndugu wasomaji, salaam. Mie ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, Mzaramo, naishi Mtoni, na kazi yangu ni ukarani wa stoo huko mjini. Sina mke, sina mtoto, na tangu mwezi uliopita sina mama. Nikiwaambia kwamba kinachonikondesha ni baiskeli mtacheka, najua. Chekeni, lakini someni hadi mwisho.

Mke wangu alifariki akijifungua, na mtoto naye hakukaa. Baada ya hapo nikawa mtu wa ajabu. Moyo unanienda mbio nami nimekaa tu kwenye kiti, mikono inatetemeka, chakula mdomoni hakina ladha. Hospitali wakanipima wakasema sina ugonjwa. Mganga akanichanja, na chale hazijakauka nikawa vilevile. Kulia ndiyo usiseme. Kwetu mwanamume akipitisha arobaini bado analia, watu wanaanza kumnong'ona.

Mama ndiye aliyenisukuma. Baiskeli nilikuwa nayo, naendea kazini tu. Asubuhi moja akaikokota mwenyewe kutoka uani akaniambia, "Mwanangu, usikae hapa unanitazama. Panda, nenda hata Mbagala, ukichoka rudi." Nikaenda kumridhisha tu. Kile kilima cha kuelekea Mbagala kilinitoa jasho mpaka nikasahau nilikuwa nawaza nini. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko, upepo ukanipiga usoni nikajikuta nalia, tena kwa sauti, kama mtoto mdogo. Niliopishana nao hawakushtuka. Mtu wa baiskeli akitokwa machozi, kila mtu anajua ni vumbi, na sauti inachukuliwa na upepo. Siku ile nilifika nyumbani nikamaliza ugali wote, na mama akaniongeza.

Basi ikawa ndiyo dawa yangu, kila asubuhi kabla ya kazi. Nikifika kwenye kona yetu nagonga kengele, na mama anaitikia kutoka uani, "Umerudi, baba?" Ikapita miezi, mikono ikatulia. Nikaanza hata kutaniana na wenzangu kazini, wakashangaa kumbe mie nina maneno.

Mwezi uliopita mama akashikwa na homa, hakumaliza wiki. Siku ya maziko watani wakaja, Wanyamwezi, kama desturi ilivyo, na vituko vyao mnavijua. Mmoja wao ni jirani yangu wa siku nyingi. Tena kaburi la mama yeye ndiye aliyelichimba. Jeneza linataka kutoka, akajilaza mlangoni akasema, "Huyu bibi alininyima mchuzi wa samaki miaka yote. Hatoki mtu hapa mpaka nipewe ile baiskeli."

Watu wakacheka. Mie kifua kimenibana, pumzi haipandi, nataka tu mama apite. Na mtani hajibiwi kwa uso wa kununa, hasa msibani. Nikamwambia, "Chukua, na ukianguka nisiitwe kuja kukuokota." Wakacheka zaidi, akanyanyuka, tukaenda kuzika. Nilijua jioni atairudisha, kama wanavyorudishaga sufuria na vigoda wakishapewa cha kupewa. Nikampelekea jogoo. Jogoo akamla, na baiskeli akabaki nayo.

Nikamwendea mjomba, kaka yake mama. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote, hata habari ya kulia. Akanisikiliza, kisha akasema, "Ulimpa kwa kinywa chako, mbele ya jeneza. Ukiidai sasa ni kwamba ulikasirika kwenye msiba wa mama yako. Na wewe ukifa, mtani gani atakuja kukuzika?" Nikaaga nikarudi nyumbani. Kununua nyingine siwezi, ile yenyewe nilijinyima miaka kuipata.

Nimejaribu kutembea kwa miguu. Nakwenda mpaka Mbagala, lakini mawazo nayo yanatembea, tunafika pamoja. Moyo umerudia mbio zake. Mikono inatetemeka hadi bwana mkubwa kaniuliza kama siku hizi nakunywa, na safari ijayo hataniuliza, atanifukuza. Na tangu mama azikwe sijatoa chozi hata moja. Nakaa, najilazimisha, namkumbuka alivyokuwa akiniita baba, hakitoki kitu. Pale pangu pa kulilia mtani kapachukua, wala hajui.

Kila asubuhi anapita nayo mbele ya baraza yangu. Anagonga kengele ile ile, nami nageuka kusikiliza uani kama paitaitikia. Kisha anapaza sauti, "Mtani, miguu haijambo?" Najibu, "Haijambo, inangoja uanguke." Tunacheka wote wawili. Hana ubaya yule bwana. Anaona tunafurahi.

Jana alikuja kuniaga. Anarudi kwao Tabora kwa gari moshi la Jumamosi, huku harudi tena, na baiskeli inakwenda naye. Ameniomba nimsindikize stesheni, eti mtani wake nisikose. Nimemwambia nitakuja.

Niliandika haya nikitaka kuwauliza, nimdai au nimwache? Lakini mwenye ukurasa huu kaniambia barua haitatoka kabla ya wiki ijayo, kwa hiyo mkisoma hapa nimeshampungia mkono, nikicheka. Habari ya baiskeli basi iacheni. Nishaurini hili moja tu, nyie wanaume wenzangu mliokwisha kuzika mama zenu: mlilia wapi?