Swali Nililomuuliza Mzee wa Kanisa Kuhusu Tamaa

Kabla ya ndoa yangu, mimi na mchumba wangu tulihudhuria mafundisho kila Jumamosi nyumbani kwa mzee wa kanisa, hapa Tunduma. Mchumba wangu alikuwa mwalimu, mtu wa Mbebe, na kuiona mikono yake tu kulitosha kunisahaulisha somo. Mzee alifundisha tamaa majuma matatu mfululizo. Tamaa ni moto, tamaa ni mtego, tamaa imeangusha wafalme. Nilirudi nyumbani na hofu, kwa sababu nilimtamani mtu yule na sikuona namna ya kuacha.

Wakati huo nilikuwa nauza vitenge sokoni. Meza ya jirani ilikuwa ya mama mmoja Mwislamu kutoka Kondoa, aliyeishi na mumewe miaka mingi. Nikamweleza yaliyonisibu. Alicheka mpaka akaweka chini kitambaa alichokuwa anakunja.

"Mwanangu, nje ya ndoa shehe wetu anakataza kama mzee wenu," alisema. "Hata macho tunaambiwa tuyainamishe. Na mchana wa Ramadhani hata mumeo humgusi. Lakini jua likizama ni halali yako. Kwetu, mume na mke wakifurahishana wanaandikiwa thawabu."

"Thawabu? Kwa jambo hilo?"

"Kwa jambo hilohilo."

Jumamosi iliyofuata nikajikaza. "Baba, tukishafunga ndoa, hiyo tamaa tunaipeleka wapi?"

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mchumba wangu akaangalia sakafu. Mke wa mzee, aliyekuwa anatumiminia chai, akasema taratibu, "Huyu mzee wenu alikuwa anapanda milima kuja kwetu Ibaba mara mbili kwa wiki, eti anatafuta mbegu za viazi. Kwao viazi vilikuwa vimejaa ghalani."

Tukacheka wote, mzee naye.

"Nilifundishwa kuogopa, nami nikawafundisha kuogopa," alisema alipotulia. "Lakini aliyeumba mwili ndiye aliyeweka hamu ndani yake. Kwenye ndoa ni zawadi. Nje bado ni moto, msinielewe vibaya."

Somo la siku ile alilimalizia mkewe, na sikupitwa na neno.

Tulifunga ndoa kwetu Ihanda, baada ya kuvuna kahawa. Jirani yangu wa vitenge alikuja, akakaa meza moja na mke wa mzee. Walinong'onezana mchana kutwa wakifunika midomo kwa khanga, na kila walipocheka mzee alijifanya anatafuta chumvi.