Pamba ya Shangazi Chini ya Kibao cha Daraja

Kabla ya daraja lile la kwendea Maswa, tope la mbuga lilikuwa linameza malori kama kuku anavyomeza mtama. Akaja mkandarasi, akainua barabara juu ya nguzo, likatoka daraja refu kiasi kwamba ndama akianza kulivuka asubuhi, ng'ambo anafika ana pembe. Kiangazi halipiti tone la maji chini yake. Lakini ukisimama juu unaiona dunia yote: kinu cha pamba, ng'ombe wa watu, mapaa ya nyumba. Paa la bati linakukonyeza. La nyasi linanyamaza. La shangazi yangu lilikuwa linanyamaza, na hilo lilimnyima usingizi.

Soko huria lilikuwa limeingia, pamba inanunuliwa na yeyote mwenye mzani. Mnunuzi mmoja wa kutoka Dar akatundika wake chini ya tuta, pale daraja linapoanzia. Shangazi akapeleka pamba iliyonyeshewa, imeingia rangi ya chai. Hiyo kwetu ni fifi, daraja la pili; bei yake haitoshi kununua bati.

Mimi nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni, nasoma kila kitu, hata mifuko ya chumvi.

"Kibao kile cha pale darajani kinasemaje?" shangazi akaniuliza.

Nikasoma kwa sauti ya kuamsha wilaya nzima: "DARAJA LA KWANZA!" La pili la barabara hiyo lilikuwa mbele kidogo, dogo tu.

Shangazi akapanda tuta, akabwaga mzigo chini ya kibao.

"Mama, hiyo fifi!" mnunuzi akapaza sauti kutoka chini.

"Baba, soma. Ya hapa ni daraja la kwanza. Serikali imeandika."

"Hilo ni daraja la kupita magari!"

"Si ndilo hilo? Hata mimi nasema daraja."

Watu hoi kwa kicheko. Nikataka kumweleza, akanikanyaga mguu. Macho yake yalikuwa ng'ambo, kwenye vumbi la lori ambalo mnunuzi, huko chini, hakuliona. Akaendelea kubisha taratibu, kama ng'ombe anayecheua, mpaka lori likafunga breki kando yetu. Mnunuzi mwingine akachungulia dirishani, akamsalimu kwa lugha ya kwetu.

"Mwadila, mayu! Pamba hiyo ina mwenyewe?"

"Yule baba bado anasoma kibao."

Wa Dar alilipanda tuta kama mbuzi. "Nimeshanunua! Safi hiyo, daraja la kwanza!"

Siku hizi shangazi akipata mgeni humpeleka darajani jua likiwa kali, anamwonyesha kwa kidole bati linalokonyeza.

"Lile pale langu. Eti lile nalo fifi?"