Mama Nyundo Aimba Wimbo wa Marehemu

Sauti ya Mama Nyundo ilikwaruza tangu utotoni, na miaka kumi na tisa ya kunadi samani kuukuu ikamaliza kilichobaki. Kila Jumamosi alipanda juu ya sanduku katika ghala la mnada, nyundo mkononi, akanadi makabati na vitanda hadi mishipa ya shingo ikamsimama.

"Kabati hili lina milango mitatu na siri zote za mwenyewe! Nani anaongeza?"

Watu walicheka, wakaongeza. Lakini kuimba, hapana. Shuleni mwalimu wa kwaya alimsimamisha safu ya nyuma, akamwambia afungue mdomo tu, asitoe kitu. Agizo hilo alilishika mpaka akaolewa, akazaa, akafiwa.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti, na jioni alipiga gita la besi katika bendi ya roki pamoja na mdogo wake. Alipofariki aliacha mjane, binti mmoja, na wimbo ambao haukuwahi kupata mwimbaji, wimbo wa mke anayemngoja mume aliyechelewa kurudi. Bendi ilijaribu waimbaji watatu, wote sauti za asali. Wimbo ukawa mtamu, na ukafa vilevile.

Siku moja shemeji yake alikuja ghalani kutafuta meza, akamkuta yuko juu ya sanduku ananadi. Akasimama mlangoni mpaka mnada ukaisha, meza akaisahau.

"Shemeji," alimwambia, "njoo uimbe wimbo wa kaka."

"Umelewa, au jua limekupiga?"

"Sijanywa hata maji."

Alikataa wiki mbili nzima. Aliyemlegeza ni binti yake, walipokuwa wakikunja nguo. "Mama, sauti ya baba imeanza kunipotea. Angalau niusikie wimbo wake."

Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vioo, kuta zimefunikwa kwa magodoro ya sponji. Fundi mitambo, mwanamke mpole mwenye miwani, alimweka mbele ya kipaza sauti. Mama Nyundo akaibana sauti yake, akaipiga pasi, akaimba kama wanawake wa redioni. Alipomaliza, shemeji alikuwa anakuna kichwa.

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote, na hilo ndilo linalonisumbua. Umeimba kama mgeni aliyekalia ncha ya kiti."

"Sasa mnataka nini, nipige kelele? Si ndiyo roki yenu hiyo?"

"Kelele kila mtu anazo, shemeji. Hebu niambie, kaka alipokuwa akichelewa, wewe ulikuwa unafanyaje?"

"Kama vile hujui! Nilisimama dirishani ghorofa ya tatu, nikamwita, naye yuko kule chini anapiga soga na mlinzi."

"Basi mwite."

Ngoma zikaanza. Safari hii aliingia chini kabisa, karibu na kuongea. Maneno aliyachelewesha nyuma ya ngoma kidogo tu, kama alivyowachelewesha wanunuzi kabla ya kugonga nyundo, mpaka wote chumbani wakajikuta wameinamia mbele. Alipofika kwenye ule mstari, *panda juu, chakula kinapoa*, hakuimba. Aliita. Sauti ikapasuka katikati ya neno, naye hakuificha. Akalivuta lile "juu" hadi pumzi ikaisha. Hospitalini, siku mumewe alipofariki, walimwomba anyamaze asisumbue wagonjwa, na akanyamaza. Mwito ule ulikuwa umekaa kooni miaka minne.

Ngoma zikapita peke yao, kwa kuwa hakuweza kuingia. Gita likamsubiri. Kisha akarudi, taratibu, kama mtu anayeongea na aliyeshafika mlangoni: *ingia tu, sijakasirika.*

Shemeji alikuwa ameugeukia ukuta.

"Nirudie?" Mama Nyundo aliuliza, akijifuta uso kwa kiganja. "Pale katikati nimeharibu."

"Thubutu!" fundi mitambo alisema. "Ukirudia nazima umeme."

Redioni wimbo ulipigwa mara chache, na Jumamosi iliyofuata Mama Nyundo alikuwa juu ya sanduku lake, ananadi jokofu. Binti aliuweka kwenye simu na kuusikiliza akienda kazini. Aliyebaki kuusikia ni mama mkwe, ambaye miaka yote aliuita muziki wa wanawe vita vya mabati. Mama Nyundo alimpelekea simu kitandani, akiwa na wasiwasi kuliko siku ya studio.

Bibi aliusikiliza hadi mwisho, macho ameyafumba.

"Hata utotoni alikuwa hivyo hivyo," alisema. "Ukimtuma chumvi, anarudi wali umeshaiva."

Wakacheka wote wawili. Bibi akasogea ukutani, akapigapiga godoro kumwonyesha pa kukaa.

"Uweke tena, mwanangu. Na pale unapomwita, ongeza sauti."