Rubani Aliyelia Redioni

Bibi akiwasimulia wajukuu habari za vita, huanza na rubani aliyekuwa akilia redioni.

Enzi hizo Bibi alikuwa binti mwembamba, mwongozaji wa ndege za jeshi, mfupi hata akasimama juu ya kreti la soda mle mnarani ili auone uwanja. Asubuhi hiyo bohari ya mafuta ilikuwa imelipuliwa, moshi ukatanda, na rubani akashindwa kuona pa kutua.

"Nakufa, mnara! Nakufa!"

"Hufi bila ruhusa yangu," Bibi alimkatiza kwa sauti nzito ya kujitutumua, macho kwenye rada. "Futa machozi. Geuka kushoto kidogo. Haya, shuka polepole, mwanangu."

Magurudumu yalipogusa lami, mnara mzima ulilipuka kwa shangwe. Punde rubani, jibaba la miraba minne, akapanda ngazi akihema.

"Yuko wapi yule mama aliyeniokoa?"

Wakamwonyesha Bibi. Akamtazama juu mpaka chini, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Bibi akajibu, na hapo ndipo alipoketi juu ya kreti lake.

Mpaka leo rubani huyo, aliyemzidi Bibi umri, humwita mama, na wajukuu humwita yeye mjomba.