Abakosti ya Kuazima

Baba alikuwa Luhwindja, kwenye dhahabu, na tangu mvua zianze hatukupata habari yake. Maman aliogopa kwamba shimo limemfunika. Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza sekondari, alinituma Kadutu, mahali magari ya Mwenga, yanayopita njia ya Luhwindja, yalipokuwa yakishusha watu, nikaulize. Aliniazimia abakosti ya jirani, ile suti isiyo na tai ya watu wa serikali, na kuniwekea kalamu mfukoni.

"Wakuone uko mutu," akasema, "wasikufukuze."

Nilipita kundi kwa kundi nikitaja jina la baba na kijiji chake. Sikusubiri jibu vizuri. Miguu yangu haijawahi kujua kusimama. Dereva mmoja alinidhania mtu wa redio, akajipangusa uso. Mama muuza mihogo aliniona mtu wa kodi, akafunika kitunga. Wachimbaji, ambao wakati ule walikuwa wakifungwa kwa kuchimba bila kibali, waliitazama kalamu tu.

"Sitwayeni," mmoja wao akaniita, yaani raia, kama serikali ilivyotaka watu waitane, "ule muzee alifanya nini?"

"Hakuna. Ni baba yangu."

"Siku ya kutufunga, sisi wote tuko baba zenu." Wakacheka. "Hatumujue."

Siku chache baadaye mama wa mihogo alimsimulia maman sokoni, bila kujua anasema na nani: mupelelezi wa abakosti alikuja kumtafuta muzee mmoja, habari ikapanda Luhwindja na gari, muzee akakimbilia Kamituga.

Maman aliketi chini, katikati ya mihogo. "Basi iko muzima," akasema.

Kesho yake alikwenda mwenyewe, nami nyuma yake nimevaa kaptula. Hakuuliza kitu. Aliketi na wanawake wauza mihogo akatoa habari zake: alikozaliwa, aliowazika, mtoto anayekohoa. Hadi leo naingia hivyo katika kila mji, nikitoa habari zangu kwanza. Jua lilipokuwa kali, yule dereva wa siku ile alimwita.

"Maman, panda. Muzee wako tunamujua."

Nikashika ubao wa gari nipande pia. Dereva aliuondoa mkono wangu.

"Wewe hapana, sitwayeni. Akikuona, atatoroka tena."

Gari likaondoka. Nilitembea hadi ziwani, nikarudi, nikapita mbele ya nyumba yetu bila kuingia.

Walirudi wote wawili kabla ya Noeli. Mimi nilikuwa nimeshateremka Luberizi, kwenye mpunga, na baba alilazimika kuniulizia kwa wapita njia.