Chupa ya Maziwa Kwenye Kipimo cha Mapafu

Mume wangu, Papa Aline, alizaliwa na ugonjwa unaorundika sukari kwenye misuli, hata ile ya kupumulia. Juzi watafiti walimpima mapafu. Muuguzi akaeleza kwamba atavuta kaboni monoksidi kidogo sana, gesi ileile ya mbabula, jiko letu la makaa, inayoua watu waliojifungia ndani. Damu huidaka upesi, na kiasi kisichorudi huonyesha mapafu yanavyofanya kazi. Nikawaza: muuaji wetu amepewa kazi ya kupima uhai.

Ila kapuni nilibeba maziwa, dawa yetu ya sumu. Papa Aline alivuta, akatulia kabisa, macho yamemtoka. Nikachomoa mpira wa kuvutia gesi mdomoni mwake, nikammiminia chupa nzima.

Muuguzi alijifuta usoni maziwa aliyotemewa.

“Maman, ni mimi nilimuambia afunge pumzi.”